Kidonda cha Kulala na Kitambaa cha Kukifunga



Somo hili ni kwa ajili ya watu walio na mgonjwa asiyeweza kujigeuza kitandani. Labda ni baba mzee aliyepooza upande mmoja. Labda ni kijana aliyeanguka kutoka juu ya mchikichi akavunjika mgongo. Labda ni mama aliyekonda sana kwa ugonjwa wa siku nyingi. Siku moja mlipomwosha, mliona alama juu ya matako au penye kisigino. Mlifikiri ni mchubuko mdogo. Leo ni shimo.

Kila juma watu huniuliza neno lilelile: "Munganga, kitambaa gani ni kizuri cha kufunga kidonda hiki? Dawa gani tuweke ndani?" Swali ni jema, nami nitalijibu. Lakini jibu lina sehemu mbili, na sehemu ya kwanza watu huisahau. Tuanze nayo.

1. KIDONDA HIKI KINATOKA WAPI?

Bonyeza ukucha wa kidole chako gumba. Unaona unageuka mweupe? Damu imefukuzwa. Sasa achilia. Damu inarudi, na rangi inarudi. Ndivyo inavyokuwa katika mwili wa mtu anayelala. Mfupa unabonyeza kutoka ndani, kitanda kinabonyeza kutoka nje, na nyama iliyo katikati inakosa damu. Mtu mzima husikia maumivu akajigeuza, hata akiwa katika usingizi. Mtu aliyepooza hasikii, au anasikia lakini hana nguvu. Nyama yake inakaa bila damu saa nyingi, nayo inakufa.

Mahali pa hatari ni pale mfupa unapokuwa karibu na ngozi: mfupa wa chini ya mgongo juu ya matako, nyonga, visigino, vifundo vya miguu, viwiko, mabega kwa nyuma, na kisogo. Mkojo na jasho hulainisha ngozi, nayo huharibika upesi zaidi. Kumburuta mgonjwa juu ya shuka huichubua.

Kumbuka jambo hili: mara nyingi uharibifu huanza ndani, karibu na mfupa. Ukiona tundu dogo juu, huenda chini yake pana shimo kubwa, kama nyumba ya mchwa yenye mlango mdogo.

2. KOSA LANGU MWENYEWE

Nilipokuwa munganga mpya, tulikuwa na mgonjwa mmoja, kijana aliyeanguka kutoka mchikichi alipokuwa akikata ngazi. Miguu yake ilikufa. Kidonda kilitokea juu ya matako yake. Kila asubuhi nilikipaka dawa kali ya rangi, nikaweka kompresi kavu, nikafunga vizuri kabisa. Kidonda kilifanya gamba jeusi, kavu. Nilifurahi. Nilisema moyoni, "Kinakauka, kinapona." Jamaa yake waliuza mbuzi ili wanunue vitambaa na dawa za unga katika farmasi.

Lakini chini ya lile gamba usaha ulikuwa ukichimba. Harufu ilianza. Homa ilipanda. Mke wake aliniuliza, "Munganga, mbona unakifunga vizuri hivi, nacho kinazidi kukua?" Sikuwa na jibu.

Katika hospitali yetu alikuwako mama mmoja mzee aliyefanya kazi ya kuuguza miaka mingi. Alikuja, akainua blanketi, akauliza neno moja tu: "Tangu asubuhi amelala upande gani?" Alikuwa amelala chali, juu ya kidonda. Jana yake pia, na juzi. Yule mama akasema, "Mnakifunga kidonda, kisha mnakilalia."

Sijasahau maneno yale. Kuanzia siku ile tulimgeuza kijana mchana na usiku. Daktari alikata nyama iliyokufa. Tulibadili namna ya kufunga. Ilichukua miezi saba, lakini kidonda kilijifunga, na leo ndugu huyo anashona viatu kando ya njia ya soko. Wengine niliowajua hawakufika huko. Sumu ya kidonda iliingia katika damu yao, wakafa. Kwa sababu hiyo naandika.

3. KWANZA ONDOA UZITO

Hii ndiyo sehemu ya kwanza ya jibu. Hakuna kitambaa, hata cha bei kubwa, kinachoweza kuponya nyama inayobonyezwa bado.

Zamani askari waliovunjika mgongo walikuwa wakifa wengi kwa vidonda hivi na kwa ugonjwa wa mkojo. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann alianza kazi katika hospitali ya Stoke Mandeville, huko Uingereza. Aliamuru kila aliyepooza ageuzwe kila saa 2, mchana na usiku, bila kukosa. Wengi waliodhaniwa kuwa ni watu wa kufa waliishi, wakarudi kazini.

Daktari Paul Brand, mmisionari aliyefika Vellore katika nchi ya India mwaka 1946, aliona jambo la jamaa moja na hilo kwa wagonjwa wa ukoma. Watu walifikiri ukoma wenyewe unakula nyayo zao. Yeye aliona kwamba nyayo haziumi tena, kwa hiyo mtu anakanyaga juu ya kidonda chake kila siku. Alipoufunga mguu katika plasta ngumu ili nyayo ipumzike, vidonda vya miaka mingi vilijifunga. Nyama ya mkoma ilikuwa na uwezo wa kupona. Ilikosa pumziko tu.

Basi fanyeni hivi:

Mgeuzeni mgonjwa kila saa 2. Kama kidonda kiko juu ya matako, asilale chali. Saa 12 asubuhi alale upande wa kushoto, saa 2 upande wa kulia, saa 4 upande wa kushoto tena, hivyo hivyo mchana na usiku. Msimlaze sawasawa juu ya mfupa wa nyonga. Mwinamisheni kidogo, na nyuma ya mgongo wekeni blanketi iliyokunjwa imshike.

Wekeni mto chini ya mashavu ya miguu, sehemu ya nyuma ya ugoko, ili visigino vining'inie bila kugusa kitanda. Wekeni kitambaa laini katikati ya magoti.

Mwinueni watu wawili kwa shuka. Msimburute.

Anayeweza kukaa kitini ajiinue kwa mikono, au ajiinamishe huku na huku, kila robo saa. Kukaa siku nzima bila kujiinua ni sawa na kulala bila kugeuzwa.

Msitumie kata. Najua wengi husokota kata ya nguo, kama ile ya kubebea ndoo kichwani, wakaiweka chini ya matako ili kidonda kikae katika tundu lake. Wanafanya kwa upendo, lakini kata inabana damu pande zote, na nyama ya katikati inazidi kukosa chakula. Tena msisugue mahali palipoanza kuharibika. Kusugua kunazidi kuiumiza nyama ya ndani.

4. KITAMBAA KINAFANYA KAZI GANI?

Sasa tuje kwa kitambaa. Wazee wetu walifundisha kwamba kidonda kipate upepo, kikauke, kifanye gamba. Mimi pia nilifundishwa hivyo. Lakini mwaka 1962 mchunguzi mmoja, George Winter wa Uingereza, alijaribu kwa nguruwe. Aliwatia vidonda vidogo vya juu ya ngozi. Vingine aliviacha wazi, vingine alivifunika kwa karatasi nyembamba ya plastiki ili visikauke. Chini ya kifuniko ngozi mpya ilitambaa upesi mara 2 kuliko penye gamba.

Kwa nini? Ngozi mpya hutambaa kutoka kandokando kwenda katikati. Mahali palipokauka haiwezi kupita. Inabidi ichimbe njia chini ya gamba. Mahali penye unyevu kidogo inateleza na kupita.

Kwa hiyo kitambaa kizuri kina kazi nne:

Kwanza, kinalinda unyevu wa kidonda, kama ulivyo unyevu wa ndani ya mdomo wako.

Pili, kinanyonya maji yanayozidi, ili ngozi ya kando isiloe na kuwa nyeupe.

Tatu, hakishikamani na nyama. Ukikivuta na damu ikatoka, umeng'oa ngozi ya siku tatu kwa dakika moja.

Nne, kinazuia nzi, vumbi, mkojo na choo.

Wenye elimu wamelinganisha vitambaa vya namna nyingi. Hawajaona kimoja kinachoshinda vyote kwa kila mgonjwa. Kwa hiyo usiulize, "Kipi ni kizuri?" Uliza, "Kidonda hiki leo kinataka nini?" Juma lijalo huenda kitataka kingine.

5. TAZAMA KIDONDA, KISHA UCHAGUE

(a) Ngozi haijafunguka, lakini imebadilika.
Katika ngozi nyeupe mtu huona wekundu. Katika ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tumia mgongo wa mkono wako: je, mahali hapo pana joto au baridi kuliko pengine? Ni pagumu kama ubao, au ni laini kupita kiasi? Rangi imekuwa nyeusi zaidi au ya zambarau? Ukiona hivyo, hakuna haja ya dawa. Ondoa uzito leo, usingoje kesho. Osha, kausha taratibu, paka vazelini kidogo ili mkojo usiguse ngozi.

(b) Ngozi ya juu imetoka, chini ni pekundu na safi, hakuna shimo.
Hapa chagua kompresi yenye vazelini, ambayo hospitali inatayarisha katika kopo safi. Haishikamani. Juu yake weka kompresi kavu, kisha funga. Ikikaa safi, iache siku 2 au 3. Usiifungue kila saa ili kuchungulia, kama mtoto anayefukua mbegu kuona kama imeota.

(c) Shimo lenye nyama nyekundu.
Wekundu huu ni habari njema. Ni nyama mpya. Chagua kompresi iliyoloweshwa katika maji ya chumvi niliyoyaeleza hapa chini, ikakamuliwa mpaka isidondoke. Ifungue, uilaze ndani ya shimo taratibu mpaka iguse pande zote. Usishindilie kama mtu anayeshindilia makala katika gunia, maana ukishindilia unarudisha ule ubonyezo tunaoukimbia. Juu yake weka kompresi kavu. Badili mara 2 kwa siku, kabla haijakauka. Hesabu vipande ulivyotia, na kesho hesabu vinavyotoka. Kipande kilichosahauliwa ndani kinaoza.

(d) Kidonda kinachotoa maji mengi.
Hapa kitambaa kinene cha kunyonya ndicho kinachofaa. Hospitali kubwa zina vifuniko vya sponji vya kidonda, vinavyonyonya sana na kukaa siku kadhaa. Ukivipata ni vizuri. Usipovipata, kompresi nyingi safi zinazobadilishwa mara kwa mara zinafanya kazi. Paka vazelini juu ya ngozi nzima ya kandokando ili isiloe.

(e) Kidonda chenye nyama ya manjano au nyeusi iliyokufa.
Nyama iliyokufa ni chakula cha vijidudu. Lazima itoke, lakini si kwa wembe wa nyumbani. Mlete mgonjwa, daktari au munganga ataikata katika usafi. Iko namna moja tu ambayo huachwa: gamba jeusi, kavu, gumu, lililo penye kisigino, lisilo na usaha wala uvimbe. Hilo ni kama kifuniko cha asili. Lifunike kwa kitambaa kikavu, usiliguse, kisigino kisibonyezwe. Likianza kulainika, kuloa au kunuka, njoo hospitali siku hiyo.

(f) Kidonda kinachonuka.
Harufu inamwaibisha mgonjwa, na wageni wanaacha kuja. Msimtenge. Munganga anaweza kuagiza dawa ya metronidazoli isagwe na kuwekwa juu ya kidonda, nayo hupunguza harufu. Lakini asubiriwe munganga aagize, maana harufu pia ni alama ya nyama iliyokufa inayongoja kukatwa.

Kuna pia vifuniko vya kubandika vinavyogeuka kama uji wa utelezi juu ya kidonda, na hukaa siku 3 mpaka 7. Vinafaa kwa kidonda safi kisicho na shimo refu. Visitumiwe kwa kidonda chenye usaha na homa, kwa kuwa vinafungia adui ndani ya nyumba.

6. NAMNA YA KUTAYARISHA NA KUFUNGA

Maji ya chumvi: chemsha maji safi katika sufuria yenye kifuniko kwa dakika 10. Pima nusu lita, tia chumvi ya jikoni kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, koroga, acha yapoe yakiwa yamefunikwa. Yakibaki, yamwage kesho yake, utayarishe mengine.

Vitambaa: kama kompresi za hospitali zimekwisha, chukua shuka ya zamani ya pamba, nyeupe. Usichukue kitenge, rangi yake hutoka. Kata vipande, fua kwa sabuni, chemsha dakika 20, anika juani mbali na vumbi, piga pasi ya moto, kunja, weka katika chombo chenye kifuniko. Pamba yenyewe isiguse kidonda, kwa sababu nyuzi zake hubaki ndani.

Kufunga: kama mgonjwa anasikia maumivu, mpe dawa ya maumivu aliyoagizwa nusu saa kabla. Nawa mikono kwa sabuni. Vaa glavu kama ziko. Ondoa kitambaa cha zamani. Kikishikamana, kimwagie maji ya chumvi, ngoja, kitajiachilia. Nawa tena. Mwagilia kidonda maji ya chumvi ya kutosha mpaka uchafu utoke. Kausha ngozi ya kando tu. Tazama, nusa, kisha chagua kama tulivyosema. Usifunge kwa kukaza. Vitambaa vichafu visivyochemshwa tena vichomwe moto au vizikwe katika shimo.

Kila juma moja, siku ileile, pima urefu na upana wa kidonda kwa uzi safi, uandike. Macho yetu hudanganywa na tumaini, lakini uzi hausemi uongo. Kama juma 2 zimepita na hakuna badiliko jema, njoo; kuna jambo limetupita.

7. VISIVYOFAA

Usitie yodi, maji ya oksijeni wala pombe kali siku kwa siku juu ya nyama nyekundu. Vinaua vijidudu, na vinaua ngozi mpya pamoja navyo.

Usifungue kapsuli za dawa na kunyunyiza unga wake kidondani. Jambo hili limeenea sana kwetu. Unga unafanya ukoko, dawa haifiki mahali inapohitajiwa, na vijidudu vinaizoea. Kapsuli ni za kumezwa, tena kwa agizo la munganga.

Usitie majivu, kinyesi cha ng'ombe, udongo, unga wa betri wala dawa ya meno. Katika udongo na kinyesi kuna mbegu za pepopunda. Uliza hospitali kama mgonjwa wako amepata chanjo ya pepopunda.

Na asali? Wengi huniuliza. Ni kweli kwamba asali inapinga vijidudu, na ziko hospitali zinazotumia asali iliyosafishwa kwa kazi hiyo. Lakini asali ya soko huweza kuwa na uchafu, au kuchanganywa na maji ya sukari. Usiitie katika shimo refu bila kumwuliza munganga.

8. CHAKULA NI FUNDI

Kitambaa ni paa la nyumba, lakini matofali hutoka katika sahani. Kidonda kinapoteza nguvu za mwili kila siku katika maji yake. Mgonjwa asile ugali na chumvi tu. Mpeni maharagi, karanga, soya, mayai, ndagala, viwavi vikiwapo, maziwa mkipata. Mpeni sombe, mapapai, machungwa. Kama hawezi kula kingi, mpeni kidogo mara 5 au 6 kwa siku. Uji uliotiwa karanga zilizosagwa ni mzuri. Anywe maji ya kutosha. Wengine humnyima maji ili asikojoe kitandani, hilo linamdhuru. Heri kubadili nguo mara nyingi. Kama ana ugonjwa wa sukari, dawa zake zisikosekane, maana sukari ikipanda kidonda hakifungi.

Mara nyingine jamaa huuza kila kitu ili kununua kitambaa cha bei, na mgonjwa analala njaa. Ndugu, kama feza ni ya jambo moja tu, nunua mayai na maharagi, na ukitumie kitambaa ulichochemsha mwenyewe.

9. MLETE HOSPITALI BILA KUKAWIA

Akiwa na homa au baridi ya kutetemeka, akianza kuchanganya maneno au kulala usingizi usio wa kawaida, uvimbe na joto vikienea kando ya kidonda, usaha ukiongezeka, mfupa ukionekana au ukiguswa, damu ikitoka bila kukoma, nyama ikigeuka nyeusi. Usingoje siku ya soko. Usingoje Jumapili ipite. Sumu ikiingia katika damu huweza kumwua mtu kwa siku chache.

10. NENO KWA KANISA

Unajua mfano wa Msamaria katika Luka 10. Tunapenda kuhubiri jinsi alivyoshuka, akamimina mafuta na divai, akafunga jeraha. Lakini soma mbele. Alimpandisha juu ya mnyama wake, akampeleka nyumba ya wageni, akamtunza usiku ule, akatoa dinari 2, akaahidi kurudi. Kufunga jeraha kulikuwa kazi ya dakika chache. Kilichobaki kilikuwa kazi ya siku nyingi, na bila hiyo yule mtu angekufa akiwa amefungwa vizuri.

Tena katika Marko 2 mtu aliyepooza alikuwa na watu wanne wa kumchukua. Mama mmoja peke yake hawezi kumgeuza mume wake mara 12 kwa siku, akalima, akapika, akalea watoto. Atachoka. Usiku atasinzia, na kidonda hakisinzii. Nimewaona wake wengi wakilia kwa aibu kwa sababu kidonda kimekua, na majirani wakisema ni uvivu wake, au ni ulozi. Si ulozi. Wala si uvivu. Ni mtu mmoja aliyepewa kazi ya watu wanne.

Kwa hiyo, wazee wa kanisa, mashemasi na kikundi cha wamama, andikeni majina. Huyu aje saa 4 ya usiku, yule saa 6, mwingine saa 8, mwingine saa 10. Mkija kumwombea mgonjwa, ombeni, kisha nawaeni mikono na kumgeuza. Mkileta zawadi, leteni mayai, sabuni na shuka ya zamani ya pamba. Kazi hiyo haihitaji shule, nayo ni dawa kuliko zote zilizo katika kabati langu.

Bwana atusaidie tusifunge kidonda cha ndugu yetu, kisha tukamwacha akilalie.

MASWALI YA KUKUMBUKA

1. Kwa nini mtu aliyepooza hupata kidonda, na mtu anayelala usingizi wa kawaida hapati?
2. Ni mara ngapi mgonjwa ageuzwe? Nani atasaidia usiku katika nyumba yako?
3. Kitambaa kizuri kina kazi gani nne?
4. Shimo lenye nyama nyekundu linataka kitambaa gani? Na gamba jeusi, kavu, la kisigino?
5. Chumvi kiasi gani katika nusu lita ya maji?
6. Ni alama zipi zinazokulazimisha kumleta mgonjwa leo?